Chetezo Chini ya Mgeni

Dada yangu Hajra aliwekwa ndani kungoja ndoa akiwa tayari anakohoa. Tumekulia kwenye kibanda cha mama cha kukaanga samaki, kwa moto wa makumbi ya nazi, na huko kila mtu anakohoa, hakuna anayejali. Lakini mwari akikohoa, mtaa mzima unakuwa daktari.

"Kifua kikuu hicho," majirani wakasema. Maneno yakafika Makurunge kwa wakwe kabla ya mwaliko.

Mama akampeleka zahanati amemfunika gubigubi kama gunia la mkaa. Makohozi yakapimwa, yakawa safi. Muuguzi akasema ni moshi. Una vumbi jembamba mno, jicho halilioni, linashuka hadi chini kabisa ya mapafu, na jingine linaingia kwenye damu. Kifua kinabana, moyo unafanya kazi ya punda. Mwondoeni kwenye moshi.

Kibandani alikuwa ameshaondoka. Tukamrudisha kwa kungwi wake, Bi Somoe, aliyemfungia chumbani, dirisha limezibwa kwa kanga, chetezo cha udi chini ya kiti asubuhi na jioni. Hajra akakohoa mpaka liwa aliyopakwa ikambanduka usoni.

"Bi Somoe, muuguzi kakataza moshi," mama akajaribu.

"Moshi wa samaki! Huu ni udi, mwanangu. Umetoka Uarabuni, una adabu zake."

Mimi ndiye niliyekuwa napuliza makaa. Machozi yalinitoka, Bi Somoe akadhani namlilia dada.

Kisha akaja Bi Kibibi, shangazi wa bwana harusi. Wote tulijua amefuata nini. Akisikia kifua kibaya, ndoa hakuna.

"Nimekuja kumwona mwari wangu," akasema, sikio limeshatangulia.

Hajra alikuwa kitandani, anauma kanga asikohoe. Bi Somoe akanikonyeza. "Mfukize mgeni. Usibanie udi."

Heshima ni heshima. Nikakijaza chetezo, nikakiweka chini ya kiti chake, nikamfunika kanga mbili juu ya baibui, moshi usipotee.

Bi Kibibi akauliza habari za nyumbani. Akauliza za mwari. Swali la tatu likamkwama. Akakohoa kama pikipiki inayokataa kuwaka. Mtandio ukaenda upande, meno ya bandia yakarukia mkekani.

"Pole, shangazi," Hajra akasema, akaachia na kikohozi chake.

"Kumbe na Makurunge kipo kifua kikuu?" mama akauliza taratibu.

"Kifua kikuu babu yako! Fungueni dirisha!"

Hakuna aliyesogea, maana Bi Somoe hakuwa ameamuru. Nikainuka mimi, nikaing'oa ile kanga dirishani. Upepo wa bahari ukaingia. Tukakaa tunahema, kungwi naye akiwemo.

Bi Kibibi akaokota meno yake, akayafuta, akayarudisha. Akamtazama Hajra.

"Na huyu ndivyo mnavyomfanya?"

"Asubuhi na jioni," nikasema.

"Mtoto hana ugonjwa. Mnamkausha kama samaki ng'onda!"

Tangu hapo zilifukizwa nguo tu, tena uani, Hajra akiwa mbali. Kifua kikalegea, ila hakikuisha. Siku ya ndoa, shekhe alipomuuliza kama ameridhia, Hajra alianza kwa kukohoa. Wageni wakatazamana.

"Huo ni udi," Bi Kibibi akasema kwa sauti. "Endelea, shekhe."