Sabini na Mbili

Wajukuu zangu wamenicheka miaka yote kwa sababu kwa Kifaransa chetu nasema "sabini." Kifaransa wanachofundishwa shuleni hakina sabini, wao husema "sitini na kumi." Hesabu gani hiyo? Lakini sisi Waakadia, wazungumzaji wa Kifaransa wa Nova Scotia huko Kanada, ni wachache katikati ya Kiingereza, na bibi kizee anayechekwa na wajukuu wake atashitaki wapi?

Jumapili ile ya bingo, mchezo wetu wa bahati wa namba, msoma namba wetu alikuwa amekauka sauti. Kamati ya kukaribisha wageni ikamsukuma mbele Cikuru, muuguzi aliyefika kutoka Bukavu wiki mbili tu nyuma.

"Bibi, tutamwelewa kweli?" akaninong'oneza mjukuu wangu Mireille.

"Mbona wewe na Kifaransa chako cha shule nakuelewa?"

Cikuru akachomoa kipira chenye namba, akakisoma kwa sauti ya kanisani: "Sabini na mbili!"

Mireille akamwonea huruma, akamsahihisha: "Ni sitini na kumi na mbili, bwana."

"Hapana, dada. Kwetu Kongo ni sabini. Mamilioni ya watu tunahesabu hivyo."

Nikasimama, magoti yakilia. "Umesikia, Mireille? Mamilioni! Na mimi pamoja nao!"

Wazee wakapiga meza kwa ngumi mpaka vikombe vikaruka. Cikuru akacheka, akaendelea kusoma.

Mchezo ule alishinda Mireille. Mshindi lazima ataje namba zake kwa sauti. Akafika ya mwisho, akanitazama.

"Sabini na tano," akasema.