Mabakuli Yaliyofunguliwa Mlangoni

Mabakuli ya udi yaliporudi kwa mara ya tatu, Bi Nhan, mwenye tanuri na duka, aliyapokea mwenyewe. Aliyapanga sakafuni mwa chumba cha kufungashia, akayanyooshea kidole moja moja, yakafika ishirini na saba. Kila boksi lilikuwa limechanwa utepe, kisha likafungwa tena ovyo ovyo.

"Yamefunguliwa," alisema mwishowe. "Yote. Watu wametia vidole ndani, wameyapindua, wamechungulia matako yake, halafu wakasema hawayataki."

Bat Trang ni kijiji cha wafinyanzi huko Vietnam, na pale mtu hasemi amenunua bakuli la udi. Husema amelikaribisha. Litakaa juu ya meza ya wazee wa nyumba waliokwisha kufa, na vijiti vya udi vitachomekwa humo mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo hulipiwa kwanza, bila kuvutana bei, na hufunguliwa na mwenye nyumba akiwa ameshanawa mikono. Kikombe cha chai kikikataliwa mlangoni hurudi rafuni, yakaisha. Bakuli la udi likishakataliwa kwenye mlango mmoja, hakuna mlango mwingine wa kulipeleka. Na huu ulikuwa mwezi wa mwisho wa mwaka, watu wanasafisha meza za wazee wao wakingoja Tet, sikukuu ya mwaka mpya. Tanuri la Bi Nhan lilikuwa likiishi kwa mauzo ya mwezi huo.

Khuyen alikuwa kwenye meza yake karibu na dirisha, chai yake imepoa tangu asubuhi. Yeye ndiye aliyeshughulikia duka la mtandaoni. Aliposikia neno "yamefunguliwa" alifungua upande wa nyuma wa ukurasa wa bakuli la udi, ule usioonekana na mnunuzi, na haikumchukua hata dakika kuliona kosa.

Mwezi uliotangulia alikuwa amepewa kazi ya kuweka lebo za malipo kwenye kurasa zote. Lebo hizo hazisomwi na watu. Husomwa na mashine za kutafuta na programu za manunuzi, ili zijue duka linapokea malipo gani: ya benki kabla, ya simu, au taslimu mzigo ukifika, na kama mteja anaruhusiwa kuufungua kwanza. Kurasa zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Khuyen aliandika fungu moja la lebo, la vikombe, akalinakili na kulibandika kila mahali mchana mmoja, kama mtu anayemenya vitunguu huku anawaza mengine. Ila hakuwa akiwaza lolote. Mkewe, Lieu, alikuwa na miezi minne kaburini, na tangu hapo Khuyen alikula kwa sababu saa ya kula imefika, na alilala kwa sababu taa imezimwa.

Sasa aliyaona maandishi yote mawili kwenye kioo cha kompyuta. Juu, panaposomwa na watu: hulipiwa kwanza, halifunguliwi mbele ya mleta mzigo. Chini, panaposomwa na mashine: lipa ukipokea, ruhusa kufungua na kutazama. Programu kubwa ya manunuzi ilikuwa imesoma ya chini na kuwatangazia wateja wake hivyo, na kuituma hivyo hivyo kwenye karatasi za mizigo. Na kwa kuwa programu ile ililipa duka kwa mkupuo kila Ijumaa, hapakuwa na mtu aliyeuliza nani amelipa lini.

Alingoja aone kama kifua kitashtuka. Hakikushtuka.

Nje pikipiki ilizimwa. Thoa, mwanamke aliyekuwa akiwapelekea wateja mizigo ya kijiji, aliingia na koti la mvua linalovuja.

"Mama mkubwa, nipe chai, vidole vyangu vimekufa."

"Chai utakunywa ukishanijibu." Bi Nhan alibandua karatasi kwenye boksi moja. "Hii nani kachapa?"

"Mashine ya kibandani kwangu."

"Na hii alama ya ruhusa kufungua, nani kaiweka?"

"Inakuja hivyo hivyo. Mimi nachapa kinachokuja."

"Kinakuja kutoka wapi, mbinguni?"

"Mama mkubwa, mteja ananisomea karatasi yangu mwenyewe, ananiambia nimeruhusiwa. Nimzuie kwa nini, kwa ndara?"

"Umebeba mabakuli ya udi miaka tisa. Hukuona ajabu?"

Thoa alikung'uta maji kwenye koti. "Niliona. Nikadhani siku hizi mmebadilisha. Kila kitu mnabadilisha."

"Basi na mimi nabadilisha. Leo chukua mizigo iliyopo. Kuanzia kesho mizigo yangu itabebwa na yule bwana wa sokoni."

"Nusu ya ninachobeba ni cha kwako. Na Tet hii hapa."

"Tet hii hapa kwangu pia," Bi Nhan alisema, akatoka kwenda tanurini.

Khuyen alikuwa tayari ameanza kurekebisha. Kurasa za mabakuli ya udi zilikuwa thelathini na nane. Alifuta, akaandika "malipo ya benki kabla, hakuna kufungua mlangoni", akahifadhi, akaenda wa pili. Aliona wazi anachokifanya. Akifika wa mwisho, kosa halitakuwepo tena mahali popote kwenye duka. Litabaki kwa Thoa tu. Jambo hilo alilitazama kama anavyotazamwa mtu anayepita ng'ambo ya barabara. Akafika wa mwisho, akahifadhi.

Thoa alivuta kigoda, akaketi karibu naye.

"Mdogo wangu, wewe unaongea na hizi mashine. Hebu niangalizie. Labda nilibonyeza kitu bila kujua. Kama ni mimi nijue, nikamwombe radhi kabla mwaka haujageuka. Nitaingiaje mwaka mpya na neno kama hili?"

"Si wewe," Khuyen alisema.

"Umeangalia?"

"Sina haja ya kuangalia. Ni mimi."

Thoa alirudisha kigoda nyuma. "Usinionee huruma. Una yako ya kutosha."

"Sikuonei huruma. Sihisi chochote. Nakwambia tu."

Khuyen alimfuata Bi Nhan tanurini, akamweleza, naye mama yule akaja na vumbi la majivu mikononi, akainama mbele ya kompyuta.

"Yako wapi hayo maandishi?"

"Nimeshayafuta."

"Ah. Yalikuwepo, mimi sikuyaona, na sasa hayapo." Akamgeukia Thoa. "Umempa nini huyu?"

"Hata chai sijapewa mimi."

Khuyen alichukua simu, akafungua programu ya manunuzi, akatafuta bakuli lenye majoka mawili ya buluu. Programu ilikuwa haijarudi kusoma kurasa upya. Ingechukua siku mbili tatu. Chini ya picha palikuwa bado pameandikwa: lipa ukipokea, ruhusa kufungua. Alimpa Bi Nhan simu.

Mama yule alisoma mara mbili. Kisha alikaa kwenye boksi.

"Umeweka lebo ya vikombe kwenye mabakuli ya udi."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa umeshafuta. Ungenyamaza, nani angejua?"

"Hakuna."

Bi Nhan hakumfukuza, wala hakumsifu. Alimwambia Thoa mizigo ni yake kama jana, ya kesho na ya keshokutwa, na chai iko kwenye birika, ajimiminie. Kisha akampa Khuyen nyundo ya mbao. Bakuli la udi lililoharibika huvunjwa na mkono ulioliharibu. Ndivyo wafinyanzi wa pale wanavyofanya.

Khuyen aliyavunja uani, kwenye manyunyu, moja baada ya jingine. Yalikuwa mazuri. La kumi lilikataa kuvunjika, akalipiga mara tatu. Hakulia, wala hakujisikia mwepesi. Mkono tu ulichoka.

Aliporudi, Bi Nhan alikuwa amekwisha kuvuta kiti kando ya kompyuta.

"Kaa. Nisomee hayo ya nyuma, ukurasa kwa ukurasa. Zote thelathini na nane."

"Nimeshayarekebisha, mama mkubwa."

"Sikukuuliza hilo. Mara ile ulibandika bila kusoma."

Khuyen alifungua wa kwanza. "Malipo ya benki kabla. Hakuna kufungua mlangoni."

"Endelea."

"Malipo ya benki kabla. Hakuna kufungua mlangoni."

Thoa alikuwa akifunga mzigo kwa kamba kwenye pikipiki, akawaambia kupitia dirishani wapunguze sauti, wanamtia usingizi na safari bado.

"Endelea," Bi Nhan alisema.

Akaendelea.