Mboji Kutoka Kitale

Mwalimu Wakhungu alipostaafu, mikono yake ilihamia nyuma ya nyumba yake, Kitale. Huko alirundika majani makavu, matawi ya ua wa miti ya miiba ya kayaba, maganda ya ndizi na nyasi alizopewa na jirani yake Kiplangat kila alipofyeka uwanja. Rundo hilo alilimwagia maji, akaligeuza, akalifunika kwa magunia. Miezi mitano baadaye akapata mboji nyeusi, laini.

Magunia manne alimpelekea dada yake Phelista, Bungoma. Phelista alikuwa amefiwa na mumewe mwaka huo, na karibu chakula chake chote kilitoka katika kishamba kando ya nyumba. Alipanda maharagwe, kila shimo akalitia mboji ya ndugu yake.

Yaliota yamejikunja. Majani yalijisokota, mashina yakapinda yakalala chini. Ng'ambo ya ua, maharagwe ya Rosaline, mke wa shemeji yake, yalikuwa yanachanua. Phelista akakumbuka kwamba siku ya kupanda Rosaline alisimama pale akausifu udongo. Jumapili, ibada ilipokwisha, alimwambia mbele ya watu wote kwamba amemroga. Rosaline alitoka akaenda zake. Wiki hiyohiyo alihamia kwa binti yake, Kimilili.

Kule Kitale, nyanya za Wakhungu, zilizotiwa mboji hiyohiyo, nazo zilijikunja. Alimuuliza Kiplangat, naye akamweleza bila kuficha kwamba uwanja wake huupulizia dawa ya kuua magugu. Nyasi haziguswi, ila mimea ya majani mapana hufa. Wakhungu alipanda maharagwe katika mikebe miwili, mmoja wa udongo mtupu, mwingine wa mboji. Ya mboji yalipojikunja, akikumbuka habari za Rosaline alizokwisha kusikia, alifunga safari kwenda Bungoma.

"Dada, si Rosaline," alisema kabla hata ya kuketi. "Ni mimi. Dawa ilikuwa katika nyasi nilizopewa na jirani, ikabaki ndani ya mboji."

Phelista alikivuta kitambaa cha kichwa kilichomwangukia begani, akakifunga upya. Kisha akaomba waende Kimilili.

Rosaline aliwapokea, akawapa chai. Wakhungu alieleza yote, habari za dawa na za mikebe. Phelista alijaribu kuomba msamaha, lakini alilia tu. Rosaline aliwaacha wamalize.

"Leo mmenijia wawili," akasema. "Siku ile lilikuwa kanisa zima."

Aliwasindikiza hadi barabarani, akarudi ndani.

Jumapili iliyofuata Phelista alisimama kanisani akakiri kwamba alimsingizia mwenzake. Sauti yake haikufika viti vya nyuma. Mchungaji alimshukuru, akaendelea na matangazo. Wakitoka nje, mama mmoja alimshika mkono akamnong'oneza kwamba hata hivyo, yeye mwenyewe hakuwahi kumwamini yule Rosaline.

Rosaline hajarudi Bungoma. Nyumba yake imefungwa kufuli, na maharagwe yake yalikaukia shambani bila mvunaji.