Veronika Hakatwi Tena

Efraimu alishuka mjini kutoka kwao Uru, mlimani, kununua kompyuta kwa ajili ya video moja tu: harusi ya binti yao, ambamo marehemu mkewe, Veronika, anacheza mpaka kilemba kinamdondoka.

"Mzee, nichagulie mfumo wa kuhifadhia wa hii diski ya kuchomeka nitakayokuwekea video," alisema Dimple, mwenye duka. "Wa zamani unasomeka hata kwenye televisheni yako, ila haupokei faili kubwa hivi. Itabidi niikate video vipande viwili. Mpya unaipokea nzima, lakini utaiangalia kwenye kompyuta tu."

"Kompyuta yenyewe sijui hata kuiwasha."

"Basi nikate. Pa kuungia hapataonekana."

Efraimu aliguna. "Daktari mkuu naye alisema hivyo hivyo kabla ya kumpasua Veronika, eti kovu halitaonekana. Nikampandisha mke wangu Uru ndani ya jeneza, na hao wakubwa wa hospitali hakuna aliyekuja hata kutupa pole. Wao kazi yao kukata, kuzika tunazika sisi."

Kidole cha Dimple kilisubiri juu ya kitufe.

"Weka huo mpya," alisema Efraimu, akavuta kiti karibu. "Halafu nionyeshe pa kuwashia, mwanangu. Polepole."