Tundu la Sita

Alhamisi asubuhi Abubakari, fundi wa ngozi, alikuwa kibarazani kwake katika mtaa wa Waswahili pale Gitega, akishona mkoba wa mwalimu mmoja wa Mushasha, Barnabé alipofika na mkanda begani akaomba tundu la tano.

"Umelegea, fundi."

"Mkanda haujalegea. Tumbo ndilo limekwisha. Mlishe yule farasi."

"Anakula bien, papa. Ni vile tu iko na hasira."

Abubakari akatoboa. Mteja akishasimama mbele yako, na msharasi wa kutobolea uko mkononi, kukataa hujui unakuanzia wapi.

Farasi mwenyewe aliitwa Mignon. Aliachwa na daktari wa mifugo, Mbelgiji, aliyerudi kwao mwaka wa uhuru akakuta ndegeni hakuna nafasi ya farasi. Alikuwa mnyama mpole wa kuchosha. Watoto walimvuta mkia, naye akawangoja wamalize. Barnabé, mchuuzi wa vitenge kutoka Bukavu, ambaye utotoni aliona picha za makaboi wakirushwa na farasi kwenye ukuta wa parokia, alimnunua, akamchora kwenye ubao akitoa moshi puani, akaandika chini yake: RODEO, FARASI MKALI KULIKO WOTE BURUNDI. Huo haukuwa uongo. Hapakuwa na mwingine wa kushindana naye.

Ukali wote ulikuwa ndani ya mkanda. Ulipitishwa nyuma ya tumbo, pale kinenani ambapo ngozi ni laini kama ya sikio, na lango la uwanja lilipofunguliwa mtu aliuvuta kwa nguvu zake zote. Mignon akaruka, akaipiga hewa mateke, akamtupa kijana mwenye kofia pana aliyempanda. Mkanda ukishafunguliwa, alisimama akatafuta majani. Abubakari alipoushona, ukiwa na matundu matatu tu, aliambiwa ni wa kufungia mizigo.

Jumapili ya kwanza ya mchezo, kila aliyepiga makofi alirudi kwake na alama kiunoni. Ilikuwa nyekundu, upana wa vidole vitatu, imeuzunguka mwili wote, na upande wa kushoto bizimu ilionekana wazi na ulimi wake. Ghislaine, muuguzi, alipaka vazelini watu mia mbili na kumi na mmoja, akaagiza makopo mengine. Wazee walisema ni mambo ya baridi. Wiki ya pili walinzi wa langoni walikuwa wakiitumia kama tiketi: unainua shati, unapita. Asiyekuwa nayo alichekwa, na kijana mmoja alikamatwa amejichora kwa mkaa.

Abubakari hakuwa amekwenda wala kupiga makofi, lakini naye alikuwa nayo. Kwake ilionekana hata mishono, mmoja mmoja, na matundu yote kwa hesabu yake.

Mkewe, Zaituni, aliiona akimpelekea maji ya kuoga.

"Baba Hidaya, mshono huu ni wako."

"Ni wangu."

"Umenyooka."

"Najua kwamba umenyooka, Mama Hidaya. Sikuuliza hilo."

Jumapili ya tatu Abubakari aliingia katikati ya uwanja na kuifungua ile bizimu mbele ya watu wote. Mignon alipiga mwayo, akaweka kichwa begani kwake.

"Mnaona? Huyu hana hasira. Ni mkanda."

Watu walimtazama kwa uvumilivu.

"Tunajua ni mkanda, mzee," alisema Kadidja muuza sambusa, aliyekaa mbele, akijikuna kiuno. "Si hata sisi tuko nao? Rudishia basi, jua linakwenda."

Akaenda kwa mkubwa mmoja wa serikali. Mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, kalamu mkononi.

"Mzee, ingekuwa ng'ombe, mtu huyo angelala jela leo. Ng'ombe iko na jina, iko na sifa zake, tunamwimbia. Donc, farasi nani anamwimbia?"

"Maumivu yanangoja wimbo?"

"Mi nafuata papier. Papier inasema ng'ombe, mbuzi, kondoo. Farasi haiko."

Kisha akalegeza mkanda wa suruali tundu moja, maana alama ilikuwa ikimwasha, akamtakia siku njema.

Barnabé aliporudi kuomba tundu la sita kwa ajili ya safari ya kupeleka mchezo Gashoho na Muyinga, Abubakari alikataa. Alikataa vizuri, hata akakunja mikono. Barnabé alitoboa mwenyewe, palepale kibarazani, kwa msumari wa bati na jiwe.

Baada ya siku ya soko la Gashoho ikafika barua ya Salama, dada yake Abubakari aliyeolewa kule. "Kaka, alama imetufikia, tunashukuru. Lakini mbona tundu la mwisho limepinda? Watu wanauliza kama kweli ni kazi yako."

Abubakari aliisoma mara mbili, akatia kisu mfukoni.

"Naenda Muyinga kuukata," alimwambia Zaituni.

"Nenda ukaukate. Usinirudie na maelezo."

Alipanda lori la maharage. Alimkuta Mignon nyuma ya uwanja, mbavu zake zahesabika ukiwa mbali. Tundu la msumari lilikuwa limechanika, na pale lilipokaa manyoya yalikuwa yameisha, nyama imebaki mbichi. Abubakari akatoa kisu.

"Kata tu, papa," alisema Barnabé, ameketi juu ya kreti anakula ndizi. Kwa mguu akasukuma mbele bunda la waya wa uzio. "Mi niko na hii. Waya haitaki fundi."

Abubakari aliutazama waya. Akakitazama kinena cha Mignon. Nje watu wa Muyinga walikuwa wameanza kuimba kwa kuchoka kungoja.

Akakunja kisu.

"Niletee kipande cha blanketi," alisema.

Akakaa chini. Akaondoa sehemu iliyochanika, akatia kiraka, akashonea blanketi kwa ndani, akapima kwa kidole gumba, akatoboa tundu la sita pahali pake. Msharasi aliusikia ukipita mwilini mwake pia, kushoto, chini ya mbavu. Hakuacha, maana tundu likiachwa nusu huchanika. Mignon alimnusa mkono kama mtu anayemfahamu.

Lango likafunguliwa, mkanda ukavutwa, Mignon akaruka, watu wakapiga makofi. Baadaye walimjia nyuma ya uwanja mmoja mmoja, mashati juu, kumpa mkono.

"Sasa imenyooka, fundi. Na kale kablanketi, vraiment, haiwashi tena sana."

Alirudi Gitega siku ya pili. Zaituni alikuwa akichambua maharage.

"Umeukata?"

Abubakari aliinua shati. Zaituni aliacha maharage, akapangusa mikono, akapitisha kidole juu ya matundu akihesabu. Kisha akaweka kidole gumba kati ya tundu la sita na bizimu, akapima.

"Bado kuna nafasi ya matundu mawili," alisema, akarudi kwenye maharage yake.