Mgeni wa Bosi Liang

Kwenye lango la uwanja Bosi Liang alikusanya kitambulisho chake, cha mkewe na pasipoti ya Hasna, akavipitisha kimoja kimoja kwenye mashine ya tiketi. Kisha akavitia vyote katika mkoba wake mweusi na kufunga zipu. Hasna aliunyoosha mkono nusu, akaurudisha. Angeanzaje kumwonyesha mwenyeji wake kwamba hamwamini, na tiketi kanunuliwa?

Isitoshe, uwanja ulikuwa umefunguka mbele yake: nyasi mbichi, udongo mwekundu ulionyunyizwa maji, mistari myeupe iliyonyooka kama iliyopigwa kwa uzi. Roho ilimruka kwa furaha. Alikuwa msichana wa sekondari alipoushika mpira wa besiboli mara ya kwanza, Dar es Salaam, katika kiwanja cha vumbi ambako Mwalimu Kuroda, Mjapani wa kujitolea, aliwafundisha kwa Kiswahili cha kuungaunga. Baadaye maisha yalimpeleka Kariakoo kuuza suruali za jinzi, na mchezo akabaki kuutazama kwenye simu, tena kwa kujificha, maana nani pale sokoni angemwelewa? Uwanja wa ligi kubwa hakuwahi kuukanyaga.

Alijichongea mwenyewe. Juzi ofisini kwa Liang, kwenye kiwanda chake cha jinzi kule Xintang, China, televisheni ilikuwa ikionyesha mechi. Hasna, ambaye wakati wa kuvutana bei huwa amekaza uso hata nzi hatui, alisahau chai yake akaanza kueleza mrushaji yule ana kasoro gani.

"Kumbe unapenda!" Liang alisema kwa Kiingereza chao cha sokoni. "Jumamosi nakupeleka."

"Jumamosi si ndiyo tunapakia kontena?"

"Mechi mchana. Tukitoka tunakwenda kiwandani, unasimama mlangoni, tunapakia mbele ya macho yako. Mei wenti."

Hakuna shida. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Na Hasna, aliyekuwa akiwahubiria wageni wote wa Guangzhou kwamba mzigo haupakiwi mwenyewe hayupo, alikubali.

Waliketi katikati kabisa ya safu. Liang kulia, mkoba katikati ya miguu yake. Mkewe kushoto, amemkumbatia Hasna mkono na kumjazia mbegu za alizeti kiganjani. Ngoma zilirindima. Kila mpira ulipodakwa Hasna alisikia viganja vyake vikiwasha kwa furaha. Simu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Simiyu, Mkenya wa kampuni ya uwakala iliyoleta kontena.

"Sista Hasna, niko hapa kiwandani na hawa jamaa wanaload mbiombio. Kwani hauko? Wameniambia wewe ndiye umesema waanze."

"Laoban," Hasna alimgeukia Liang, "bosi, wanapakia?"

Bosi hakuondoa macho uwanjani. "Wanaanza tu. Vijana wana haraka. Mei wenti. Tazama, tazama!"

Atoke? Kulia magoti ya watu, kushoto magoti ya watu, na mgeni asiye na pasipoti katika mji huu hafiki mbali. Mkono wa mke wa Liang ulimkaza kwa upendo, au kwa maagizo, hakuweza kujua. Alijichukia. Hakuna aliyemvuta kuja pale. Alikuja anacheka.

Uwanjani mkimbiaji alikuwa amenaswa kati ya vituo viwili. Akienda mbele, mpira uko mbele, akirudi, umeshamtangulia. Alikwenda, akarudi, akaenda tena, mpaka akaguswa kwa mpira akatolewa. Watu wakacheka.

"Amekwisha huyo," Liang alisema.

Hasna hakucheka. Wakati wote wanamkimbiza yule, mwenzake wa kituo cha tatu alikuwa ameingia nyumbani, kituo cha mwisho, na kuandikisha alama. Mwalimu Kuroda aliwaambia siku nyingi: ukishajua umekwisha, wacheleweshe, mwenzio apite.

Alimpigia Simiyu. Alizungumza Kiswahili, uso umetabasamu, macho kwenye mchezo.

"Simiyu, maboksi ya mlangoni achana nayo. Toa moja la nyuma kabisa, uchane."

"Sista, watanikatalia."

"Waambie mwenye mzigo kasema. Na lakiri ya kufungia mlango wa kontena ibaki mfukoni mwako."

Alisubiri, simu sikioni, akisikia kelele za watu wanaobishana. Hatimaye Simiyu akarudi.

"Nimelowesha kidole nikasugua kitambaa. Kidole kimekuwa buluu. Mshono nao nimevuta kidogo tu, umeachia. Hizi jinzi si zile ulinionyesha."

"Usifunge."

"Nisipofunga sasa hivi hatufiki bandarini Nansha. Meli itatuacha, na Idi itakupita hivyo hivyo."

Hasna alimwona kwa mawazo dada yake Bimkubwa, dukani Kariakoo, ameshapangusa rafu, ameshawaahidi wateja. Idi ndiyo inayowalisha mwaka mzima.

"Usifunge," alirudia.

Haikupita muda simu ya Liang ikalia. Alisikiliza, tabasamu likamtoka polepole.

"Rafiki yangu, meli itaondoka," alimwambia.

"Iondoke."

"Tumalize mechi kwanza. Tutaongea."

"Pasipoti yangu, laoban." Alisema hivyo kwa Kichina, kwa sauti, na safu nzima ikageuka. Liang alitazama kulia, akatazama kushoto. Sasa yeye ndiye aliyekosa pa kupita. Akainama, akafungua zipu, akampa.

Mke wa Liang ndiye aliyechelewa kumwachia mkono.

Hasna alikuwa kwenye ngazi za zege, nje ya macho ya uwanja, gongo lilipoukuta mpira. Mlio ule aliujua: mkavu, safi, wa mpira unaokwenda bila kurudi. Alikuwa ameungoja tangu usichana. Watu wote kule juu walilipuka kwa shangwe. Hasna alisimama, mkono mmoja ukutani, akasikiliza mpaka ngoma zilipoanza kupungua. Kisha akaendelea kushuka, na mbegu za alizeti bado zimo kiganjani.