Kipaza Sauti Kimoja Mvumi

Oktoba 1995, siku chache kabla ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, wagombea wawili wa ubunge walifika Mvumi kwa wakati mmoja, kwenye uwanja mmoja. Kila mmoja alikuwa na kibali chake mkononi, na vibali vyote viwili vilikuwa na mhuri.

Debora Wambura aliruka kutoka kwenye lori akiwa na kinasa sauti begani, moyo ukimdunda kwa furaha. Alikuwa mwandishi wa Mwanga wa Kati, gazeti jipya la binafsi la pale Dodoma mjini, na tangu atoke kwao Musoma hakuwahi kuona umati kama ule. Watu walijaa mpaka juu ya mapaa ya vibanda. Upande mmoja lilisimama gari la Silvano Ndahani, mgombea wa chama tawala. Upande wa pili ilisimama pikapu ya Gerson Chilewa, mwalimu wa zamani aliyejiunga na upinzani. Spika za pande zote mbili zilikuwa zinanguruma.

"Mwalimu gani huyo? Alifukuzwa kazi kwa ulevi!" alifoka Silvano.

"Afadhali mlevi kuliko aliyeuza mahindi ya msaada wa njaa!" alijibu Gerson.

Vijana walianza kuokota mawe. Polisi walikuwa watatu tu, na mkubwa wao, Koplo Shaaban, alishika filimbi mdomoni bila kuipuliza. Mara jenereta ya Gerson ikakohoa, ikazima. Watu wa Silvano wakazomea. Watu wa Gerson wakalivamia gari la Silvano, wakitaka kung'oa nyaya ili wote wakose.

Debora hakujipa muda wa kufikiri. Alipanda juu ya gari lile, akachukua kipaza sauti mikononi mwa mshereheshaji aliyebaki ameduwaa.

"Shikamooni wazee! Mimi ni mwandishi wa habari, sina chama. Kipaza sauti kimebaki kimoja na wagombea ni wawili. Mnataka kuwasikia wote, au mnataka kupigana?"

"Wote!" alijibu mwanamke aliyesimama mbele na ungo wa karanga kichwani. "Kupigana tutapigana hata kesho!"

Watu wakacheka, na mawe mengine yakadondoka chini. Gerson akapandishwa garini, akasimama kando ya Silvano bila kumtazama.

"Sharti ni moja," alisema Debora. "Hakuna kumjibu mwenzako kabla hujarudia alichosema, mpaka mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema."

Silvano alianza. Alisema wananchi wachangie kidogo matengenezo ya visima, kwa sababu Serikali peke yake haiwezi. Kipaza sauti kikahamia kwa Gerson.

"Amesema atawauzia matajiri visima vyenu!"

"Hakusema!" uwanja ulilipuka, hata wale waliovaa fulana za Gerson. "Rudia! Rudia!"

Gerson akajifuta jasho. Akajaribu tena, akakosea tena, wakamzomea huku wakicheka. Mara ya tatu akapatia. Silvano akatikisa kichwa kukubali, na vigelegele vikapaa kana kwamba kuna harusi. Ilipofika zamu ya Silvano kurudia, naye alikwama, naye akarudishwa nyuma. Watu waliokuja kushangilia matusi sasa walinyamazishana ili wasipitwe na neno. Walisikia habari za visima, za bei ya karanga tangu wanunuzi binafsi waanze kuja, za ada ya shule.

Kisha Debora akamgeukia Silvano. "Mheshimiwa, umesema mwenzako alifukuzwa kazi kwa ulevi. Nani alikuambia?"

"Watu wanasema."

"Watu gani?"

Silvano akatazama umati, akatazama viatu vyake. 

"Sina ushahidi," alisema mwishowe. "Kauli ile naifuta. Mwalimu, unisamehe."

Watu walishtuka kwanza, halafu wakapiga kelele hadi mbuzi wakakimbia. Hawakuwahi kusikia mwanasiasa akisema hivyo kwenye spika. Gerson alisita, akakipokea kipaza sauti. "Na mimi habari ya mahindi niliiokota njiani. Naifuta." Wakapeana mikono. Koplo Shaaban alipiga makofi mpaka kofia ikamdondoka.

Debora alipata lifti kwenye gari la misheni, akaandika habari yake magotini huku gari likirukaruka njia nzima. Jioni aliingia mbio kwenye karakana ya Kizota walikochapia gazeti lao.

"Kaka Ambokile! Huwezi kuamini kilichotokea!"

"Najua," alisema Ambokile, mhariri wake, akiinua sauti kuushinda mtambo. "Pole sana. Tumeshaanza kuchapa."

Alimpa nakala yenye wino mbichi: DAMU YAMWAGIKA MVUMI, POLISI WAPIGWA.

Debora akakisoma kichwa cha habari mara mbili. "Nani kakwambia?"

"Dereva wa lori, stendi. Kaona mawe, kasikia matusi."

"Mimi nilikuwepo mpaka mwisho! Hakuna hata aliyekwaruzwa. Nitajie mtu mmoja aliyetoka damu!"

Ambokile alikuwa ameweka fedha zake zote kwenye gazeti lile. "Damu inauza, Debora," alisema kwa sauti ndogo, lakini mkono wake ulikuwa tayari umekwenda kwenye swichi. Mtambo ukanyamaza. "Furushi la kwanza ameshalichukua Hassani, muuzaji wetu. Kalipeleka stendi."

Walipanda pikipiki ya Ambokile, wakakata vichochoro wakipiga honi. Furushi walilikuta chini ya kiti cha basi la Singida, injini ikiwa imeshawashwa, wakalivuta nje. Lakini Hassani alikuwa ameuza nakala kadhaa, na kwenye kibanda cha vitenge mwanamke alikuwa ameketi chini, gazeti mapajani, akilia kwa sauti.

"Mume wangu yuko Mvumi! Shaaban wangu!"

Debora akapiga magoti mbele yake. "Koplo Shaaban? Dada, nimetoka huko sasa hivi. Nimemwacha akicheka."

"Usinidanganye."

"Kofia ilimdondoka kwa kupiga makofi. Mzima kabisa."

Joha, ndilo lililokuwa jina lake, akamshika Debora mabega kwa nguvu, akacheka na kulia pamoja. Halafu akauliza, "Basi nani kaandika huu uongo?"

Ambokile angeweza kukaa kimya. "Ni mimi," alisema. "Nimekukosea, mama. Nilipaswa kumsubiri huyu."

Joha akamrudishia gazeti lake.

Waliporudi Kizota, Ambokile alivua koti, akaketi kwenye taipureta. "Nisomee," alisema. Debora akasoma, mara nyingine akisimama kuigiza jinsi Gerson alivyokosea, na mafundi wakaacha kazi kumsikiliza, wakicheka.

Gazeti likatoka na kichwa cha habari alichokichagua Debora: WAGOMBEA WAFUTA MATUSI, MVUMI YASHANGILIA. Chini yake, ukurasa huohuo wa kwanza, Ambokile aliandika kwa mkono wake tangazo la kuomba radhi na kutia jina lake kamili. Debora alitaka liwe fupi. Ambokile alikataa.